Gego Langu na Ntheo ya Kasiva

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Gego la chini kushoto limeanza tena. Linapiga kama mgeni anayebisha mlango na hataki kuondoka. Hakuna anayejua. Na hakuna atakayejua! Kaluki mke wangu akijua atanipeleka hospitali, na hospitali kuna koleo.

Rafiki yangu Mutie aling'olewa jino Jumanne, Jumamosi tukamzika. Watu husema aligongwa na pikipiki. Sawa. Lakini alivuka ile barabara maisha yake yote akiwa na meno yake na hakugongwa.

Ningevumilia kimya kimya kama si mambo mawili. La kwanza, Jumamosi hii ni ntheo ya mjukuu wetu Kasiva, mbuzi wa Kikamba wa kumtoa msichana aolewe. Wazee wa mchumba wake, kijana anaitwa Ben, wanakuja kutoka Kalamba na mbuzi wao. Mmoja anachinjwa hapa nyumbani, na kipande cha kwanza kinawekwa mkononi mwa mzee wa nyumba. Mzee wa nyumba ni mimi, maana baba yake Kasiva alishatangulia. Nikila mbele ya wageni, msichana ametolewa. Nikitema, au nikiweka nyama kando, nimemkataa kijana. Wageni watafungua mbuzi waliobaki na kurudi kwao bila kuaga. Niliwahi kuona hivyo kule Mbooni. Yule msichana mpaka leo akikutana na babu yake njiani anahamia upande wa pili.

Kasiva akihamia upande wa pili nitakufa. Huyo ndiye aliyenifundisha kutuma ujumbe kwa simu bila kunicheka.

La pili nimelisikia sokoni Mukuyuni. Naibu chifu ametangaza kwamba watu wa chuo kikuu wanakuja kupima meno ya wazee wote. Wanataka kujua hali ya kinywa cha mzee na jinsi anavyoishi nayo. Wenzangu wamefurahi. Wanadhani watapewa dawa ya mswaki. Hao hawajui kupima meno ni nini! Mimi ni dalali wa mbuzi tangu ujana wangu. Mbuzi akiletwa, namshika taya, nafungua mdomo, naangalia. Meno mazima, anarudi nyumbani kuzaa. Meno mabovu, namwonyesha mnunuzi njia ya kichinjio. Sijawahi kumpima mbuzi meno kwa sababu nampenda.

Mpango: kesho niamke mgonjwa. Mguu. Mbali kabisa na mdomo.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Mguu haukusaidia. Ndolo alipitia hapa asubuhi. Ndolo ni jirani yangu, dalali mwenzangu na mwiba wangu. Akamwambia Kaluki kwamba mzee anayekwepa kupimwa ana kitu anaficha mdomoni. Mguu ukapona papo hapo.

Tukakaa kwenye mabenchi nje ya kanisa. Ndolo alitangulia. Ana meno ya bandia aliyotengenezewa na mwanawe Nairobi, na anayaringia kama gari jipya. Aliulizwa tu kama ana meno ya bandia. Akayatoa! Akayaweka kwenye kiganja, akayazungusha ili foleni yote ione. Akina mama wakapiga makofi. Mimi nikatazama mlima.

Kumbe daktari ni msichana mpole tu, Farhiya. Nikaanza kumuuliza kwao ni wapi, ili muda upite. Nisingeuliza! Amekulia Kitui mjini, na baba yake ni Hamud. Hamud! Yule aliyenunua mbuzi wangu miaka na miaka, ambaye hakuna mdomo wa mbuzi uliowahi kumdanganya. Farhiya akasema baba yake hunitaja mara kwa mara, na kwamba yeye mwenyewe alijua kusoma meno ya mbuzi kabla ya kujua kusoma kitabu. Sasa miguu ilikuwa migonjwa kweli.

Alianza na maswali. Miezi hii mitatu, ni mara ngapi nimepata shida kutafuna nyama au mahindi? Kamwe, nikasema. Ni mara ngapi meno yamenizuia kulala, au kuongea, au kufurahia chakula? Kamwe. Ni mara ngapi nimeona haya kula mbele ya watu? Kamwe, kamwe! Nilijibu kwa sauti kubwa ili Ndolo asikie hadi kwenye benchi. Kaluki, aliyekuwa anasubiri zamu yake nyuma yangu, akakohoa. Kikohozi cha mke wangu kina maneno mengi.

Kisha Farhiya akavaa glavu, akashika kioo kidogo chenye mkono mrefu, akaniomba nifungue mdomo. Nyuma yake kulikuwa na sanduku la chuma. Limefungwa! La nini? Kioo hakihitaji sanduku.

Hapo akili yangu ikafanya kazi, kama kawaida yake. Nikamwambia nimefunga. Nimefunga na kuomba kwa ajili ya ntheo ya mjukuu wangu, na hakuna kitu kitaingia kinywani mwangu, hata kioo. Farhiya akashusha mkono mara moja. Akasema funga ni jambo la heshima kwake pia, na hawezi kunivurugia. Ushindi! Nikainuka.

Akaongeza kwamba hakuna shida, Alhamisi atapita nyumbani jua likishatua, wakati nimefungua.

Sikuwa nimefikiria kwamba funga hufunguliwa.

Kaluki hakupimwa. Alisema lazima anirudishe nyumbani kabla sijazimia kwa njaa. Alisema hivyo akinitazama sana.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Habari imeenea. Pasta amekuja kuniwekea mikono kichwani. Amesema si wazee wengi siku hizi wanafunga kwa ajili ya wajukuu. Jumapili atanitaja madhabahuni. Kasiva amelia kwa furaha na kunikumbatia. Nikajiona mwizi, lakini gego likapiga na nikasahau.

Njaa! Kaluki alipika isyo leo, mahindi na maharagwe, harufu ikazunguka nyumba nzima. Sikupewa. Kwa upande mmoja ni baraka, maana isyo siwezi kuitafuna tangu Pasaka. Mimi huizungusha mdomoni upande wa kulia, halafu naimeza nzima nzima na chai. Kwa upande wa pili, mtu hafi kwa haya lakini hufa kwa njaa.

Adhuhuri nikajificha nyuma ya zizi la mbuzi na mkate. Nikauchovya kwenye chai mpaka ukalegea kabisa. Nimeinua kichwa, nani amesimama kwenye ua? Ndolo. Alitabasamu tu kwa meno ya mwanawe.

Jioni akaja na masharti. Jumamosi yeye ndiye awe msemaji wa nyumba yetu. Yeye! Hotuba yangu nimeiandaa tangu Juni! Nikakubali, nifanye nini? Lakini sikutoka mikono mitupu. Nikamwambia basi awe pia mgawaji wa nyama, na anipe mimi ini. Ini ni laini, linateleza lenyewe. Aliuliza kwa nini ini. Nikasema mtu aliyefunga hurudishiwa damu kwanza. Akasema hiyo ni kweli, amewahi kuisikia. Nimeitunga mimi, muda ule ule!

Sasa kila kitu kiko sawa. Ila alipokuwa anaondoka akasema kitu kingine, kama mchezo tu. Kwamba karibu na lile sanduku la chuma jana aliona ndoo. Ndoo yenye kifuniko.

Ndoo ya nini? Nimejiuliza hadi kichwa kinauma. Meno ya mtu mmoja hayahitaji ndoo.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Gari la Farhiya lilisimama mbele ya nyumba jua likitua, kama alivyosema. Watu waaminifu ni hatari sana. Nikawa tayari zizini, nimeinama katikati ya mbuzi. Zizi letu limeegemea ukuta wa jikoni, mbao zimeachana, kila neno linasikika.

Kaluki akamwambia mzee ametoka kidogo. Farhiya akasema atasubiri. Akaomba, kwa kuwa mama naye hakupimwa Jumanne, waanze na yeye. Nikasikia viti vikisogezwa na chai ikimiminwa. Kisha maswali yale yale.

Ni mara ngapi amepata shida kutafuna? Kaluki akajibu bila kusita, kila mara. Ni mara ngapi ameona haya kula mbele ya watu? Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Halafu akasema kila siku. Akasema tangu meno ya mbele yaanguke amekuwa akila hapa jikoni, peke yake, na mlango ameufunga nusu. Akasema mzee anafikiri ni adabu za mke wa Kikamba. Akasema zamani tulikuwa tukila nyama choma sokoni, yeye na mimi, kwenye sahani moja, tukicheka, na kwamba hicho ndicho kitu anachokikosa zaidi, sio nyama.

Nilikuwa nimekaa juu ya mavi ya mbuzi na machozi yananitoka. Nasema ukweli. Miaka yote hiyo nilidhani hapendi kula na mimi kwa sababu ya maneno yangu mengi. Nilitaka kusimama niingie jikoni nimwambie.

Kisha Farhiya akauliza, na mzee je? Kaluki akacheka kidogo. "Yule anageuza isyo mdomoni kama mtu aliyepoteza ufunguo, na anafikiri mimi ni kipofu," akasema. "Anaogopa. Anaogopa vibaya sana, na sitaki kumwaibisha kabla ya Jumamosi."

Nikaghairi kusimama.

Nikapiga chafya. Wuui! Farhiya akatokea mlangoni mwa zizi na tochi ya simu. Nikashika haraka taya la mbuzi wa karibu, nikasema nilikuwa nampima meno. Hakuonyesha kama haamini. Akainama, akaangalia naye. Tukaona wote wawili, gego la nyuma limevunjika. Akasema ndiyo maana amekonda. Nikasema ndiyo. Akauliza mbuzi kama huyu mimi hufanya nini naye.

Nikaufunga mdomo wa mbuzi, na wangu pia.

Akasema kwa watu ni tofauti, sindano ya ganzi kidogo na dakika chache tu. Sikusikia baada ya neno sindano. Nikasema naitwa. Akauliza na nani. Nikasema na Ndolo, nikapita katikati ya mbuzi nikatoka mbio. Nimekaa kwa Ndolo mpaka gari likaondoka. Nimelazimika kumsikiliza akifanya mazoezi ya hotuba yangu.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nimeamka na mashavu mawili, moja langu na jingine la mtu mnene. Kushoto kumevimba hadi jicho limejifunga nusu. Ngai wangu!

Nimejifunga shuka kichwani. Nimewaambia ni baridi ya Agosti inayoshuka kutoka Mbooni. Kaluki akasema baridi hiyo imechagua shavu moja tu. Akaniwekea maji ya chumvi mezani bila kusema ni ya nini. Nikasukutua, nikajifanya naosha kikombe.

Nimejaribu karafuu. Nimejaribu mbaki, ile tumbaku ya kunusa ya marehemu mama yangu, nikaipakaza kwenye ufizi. Nikapiga chafya katikati ya maombi ya pasta, kila alipofika kwenye neno baraka. Akasema ni roho chafu inatoka. Natamani ingekuwa hiyo.

Naogopa. Naandika tu, kwa kuwa kitabu hiki hakina mdomo. Naogopa koleo, naogopa sindano, naogopa ile ndoo. Naogopa nikifungua mdomo wataona jinsi nilivyokwisha, na kuanzia hapo nitakuwa mzee wa uji na kuketishwa kivulini. Usaha ukipanda kichwani mtu anakufa, nimesikia redioni. Nikifa usiku huu, Kasiva atakosa mtu wa kushika nyama. Na kofia yangu ya ngozi asipewe Ndolo. Nimeandika hapa waziwazi.

Ini. Kesho ni ini tu. Nitalimeza kama dawa na mambo yatakwisha.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Leo lazima niandike yote.

Walikuja saa nne na mbuzi watatu. Mbele alikuwa Muthama, mjomba wa Ben, mtu wa mifugo, mikono yake mipana kama sinia. Ben mwenyewe alinisalimia kwa kuinama, jasho likimtoka puani. Kijana mzuri. Kwa mazoea nikapita karibu na mbuzi wa kuchinjwa, nikamfungua mdomo kwa siri. Aiee! Meno yameliwa hadi mizizi. Walituletea mbuzi wa rika langu! Nyama ya mbuzi kama huyo hupikwa tangu alfajiri na bado inabishana nawe jioni. Nikajiambia haijalishi, ini la mzee na la mtoto ni moja.

Kumbe nilimsahau Ndolo na mdomo wake.

Mbuzi akachinjwa, akachomwa, na Ndolo akasimama kuwa msemaji. Alianza vizuri, na hotuba yangu. Kisha akaona watu wanamsikiliza na kichwa kikavimba. Akawaambia wageni kwamba mzee wa nyumba hii amefunga wiki nzima kwa ajili ya kijana wao. Makofi. Akawaambia kwamba Jumanne, mbele ya daktari wa chuo kikuu na foleni nzima ya wazee, mzee huyu aliulizwa kama meno yamewahi kumsumbua na akajibu kamwe. Kamwe! Ndolo alisikia kwa masikio yake. Ukoo wa meno ya chuma, akasema. Farhiya, ambaye Kaluki alikuwa amemwalika bila kuniambia, aliketi pale kati ya akina mama na akatazama viatu vyake.

Muthama alifurahi hadi akasimama. Akasema mzee wa namna hiyo hapewi ini kama mtoto. Akamnyang'anya Ndolo kisu, akakata ubavu, na mfupa wake, na ile ngozi ngumu ya juu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kasiva amesimama mlangoni na leso mpya, mikono imeshikana kifuani.

Nikauma.

Gego lilipiga kelele ndani ya kichwa, nami nikawa simwoni mtu. Machozi yakatiririka yenyewe. Akina mama wakasema mzee analia kwa furaha, vigelegele vikapigwa. Nikajifanya natafuna. Nikajifuta uso na shuka, na chini ya shuka nikaipeleka nyama mfukoni mwa koti. Mpango mzuri! Ulidumu mpaka mbwa wetu alipofika. Alinusa mfuko, akaushika kwa meno, na meno yake ni mazima. Mfuko ukachanika. Ubavu ukaanguka miguuni pa Muthama.

Muthama aliutazama ule ubavu. Akachukua kofia yake, akaivaa polepole. Akawaambia vijana wake wakafungue mbuzi. Alisema bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ben alikuwa ameinamisha kichwa. Kaluki ameshika mlango.

Kasiva akaja akapiga magoti mbele yangu. Akaniuliza, "Umau, babu yangu, umemkataa Ben?"

Nikatazama lango. Liko wazi. Ningeweza kukimbia, najijua. Nikamtazama mtoto huyu, midomo inamtetemeka vile vile alivyokuwa siku tuliyomzika baba yake. Nikaogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa koleo, kidogo tu, lakini ilitosha.

"Sijamkataa!" nikapiga kelele. "Ni jino! Ni jino, jamani, angalieni!" Nikatoa shuka, nikafungua mdomo mbele ya Kalamba yote.

Muthama akanijia. Kabla sijajua, ameshanishika taya na kuniinua uso kwenye jua, na kidole gumba chake kimesukuma mdomo wa juu. Nimewafanyia hivyo mbuzi maelfu. Alichungulia kushoto, akachungulia kulia, akapiga mluzi. Akawaambia wenzake huyu hajamkataa mtu, huyu ni mgonjwa, sijui hata ametembeaje hadi kwenye kiti. Wakapanga foleni kuangalia. Ndolo aliangalia mara mbili.

Farhiya akasema tumalize leo, kabla uvimbe haujashuka shingoni. Akanipeleka kituo cha afya kwa gari lao, Kaluki upande mmoja na Muthama upande wa pili, nadhani ili nisiruke. Nikafunga macho. Nilihisi sindano, kama kuumwa na siafu. Nikasubiri. Nikasubiri sana. Nikauliza, kwa ulimi mzito, ataanza lini. Akanionyesha gego langu kwenye kipande cha pamba.

Hilo tu? Kitu kidogo hivyo? Nikauliza ndoo ni ya nini. Akasema ni ya glavu chafu.

Tuliporudi wageni walikuwa bado wameketi. Wazee wa pande zote walishauriana na kukubaliana kwamba supu ya mbuzi yule yule ni nyama iliyokubali kuyeyuka. Nikapewa bakuli, imepoa kama daktari alivyoagiza. Nikainua. Hapo Kaluki akatoka jikoni. Ana bakuli lake mkononi. Akaketi kwenye benchi karibu na mimi, mbele ya watu wote, akasema na yeye hana meno ya kutosha, akanywa. Nikanywa. Vigelegele vya kweli. Kasiva ametolewa!

Nimeapa leo, na nimeandika: sitamdanganya tena mtu yeyote kuhusu kinywa changu.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kaluki amepata meno yake. Farhiya alimwelekeza kwa fundi wa meno ya bandia, na Kasiva na Ben wakampeleka na kumrudisha. Ni mazuri, madogo, hayapigi kelele kama ya Ndolo. Leo amechoma mahindi mawili, akaleta mezani, akaketi mbele yangu. Mezani! Akauma, akatafuna, akanitazama, akacheka. Nimefurahi hadi nami nimecheka. Tumeongea hadi hindi lake likaisha.

Kisha akatazama langu. Zima. Sijaligusa.

Ni gego la juu, kulia. Limeanza Ijumaa. Hili ni tofauti kabisa na lile, hili limekaa karibu na ubongo, hata mtu ambaye hakusoma anaweza kuhisi. Lile la kushoto lilikuwa bahati. Mtu hapati bahati mara mbili kwenye mdomo mmoja. Mutie naye labda alikuwa na la kwanza lililotoka vizuri.

Kaluki akauliza kama kuna shida ya kutafuna. Nikasema kamwe.

Akauliza basi kwa nini sili. Nikamwambia nimefunga na kuomba.

Alicheka na meno yake yote, akaingia ndani kutafuta simu. Nimesikia akimsalimia Farhiya. Farhiya anasema yuko njiani kutoka Wote na anaweza kupita.

Naandika haya nikiwa zizini. Mbuzi wanasogea kunipa nafasi, wameshanizoea. Safari hii nimekuja na karafuu ya kuziba pua, ili nisipige chafya.